Dirisha la Februari NBA: Uiombee Timu Yako Nyota, Fundi au Ukimya?

Kwa saa za Afrika Mashariki dirisha la NBA hufungwa saa tano usiku, siku ya Alhamisi mwanzoni mwa Februari. Wiki mbili kabla ya saa hiyo mechi zenyewe husahaulika. Kila shabiki anakuwa meneja mkuu: huyu anamtaka senta wa timu inayovuta mkia, yule ameshatoa nusu ya benchi ili amlete mtu mmoja, na hakosekani anayeapa kwamba dili imekwisha, bado kutangazwa tu. Tetesi ni tamu, sikatai. Ila ukizichuja, timu yako ina njia nne: inunue nyota, inunue fundi wa kuziba pengo moja, ikae kimya, au iuze. Hapa naziweka bega kwa bega, kwa kutumia dili ambazo mwisho wake tunaujua, ili shabiki ajue anachokiombea. Sifichi upande wangu: mimi ni wa fundi.

Aliyezoea dirisha dogo la Simba na Yanga inabidi aweke kando mambo mawili. La kwanza, NBA mchezaji hanunuliwi kwa fedha. Mtu hutoka kwa mtu, au kwa haki ya kuchagua chipukizi kwenye dirafti ya miaka ijayo, na mishahara ya pande mbili lazima ikaribiane. La pili, mchezaji mwenyewe kwa kawaida haulizwi. Kwa hiyo "tumchukue nani" ni nusu ya swali. Nusu nyingine ni "atoke nani", na hapo ndipo tetesi nyingi hukata pumzi.

Halafu kuna sheria mbili zinazoua ndoto za watu. Timu haiwezi kutoa machaguo yake ya raundi ya kwanza kwa namna itakayoiacha mikono mitupu miaka miwili ijayo mfululizo. Sheria hii imebeba jina la Ted Stepien, mmiliki wa Cleveland aliyekuwa akigawa machaguo ovyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Na tangu mkataba wa mwaka 2023 kati ya ligi na wachezaji, timu iliyovuka mstari wa pili wa matumizi, yaani kikomo cha juu cha jumla ya mishahara, hairuhusiwi kujumlisha mishahara ya wachezaji wawili au watatu ili impate mmoja mwenye mshahara mkubwa. Msimu wa 2025-26 mstari huo ulikuwa dola milioni 207.8. Kwa hiyo mtu akikuletea ile hesabu ya "toa watatu, chukua mmoja", muulize kwanza timu inalipa mishahara kiasi gani.

Philadelphia na Toronto, 2019

Hakuna mfano wa nyota na fundi ulio mzuri kuliko huu, kwa sababu timu zote mbili zilikuwa Kanda ya Mashariki, zote zilitaka ubingwa, zote zilinunua ndani ya saa 48, na baadaye zikakutana uso kwa uso.

Philadelphia ilianza, Februari 6. Ilikuwa tayari na Joel Embiid, Ben Simmons, Jimmy Butler na J.J. Redick. Ikaenda kwa Clippers kumchukua Tobias Harris, aliyekuwa akifunga karibu pointi 21 kwa mechi, pamoja na Boban Marjanović na Mike Scott. Bei: Landry Shamet, chipukizi aliyekuwa ameanza kuzoeleka kwa mitupo ya pointi tatu, Wilson Chandler, Mike Muscala, machaguo mawili ya raundi ya kwanza na mawili ya raundi ya pili. Siku ile mashabiki wa Philadelphia walishangilia kana kwamba kombe limeshatua. Kwenye karatasi kikosi kilitisha.

Kesho yake Toronto ikamchukua Marc Gasol kutoka Memphis. Gasol alikuwa ametimiza miaka 34 wiki iliyotangulia, magoti yamechoka, kasi imekwisha. Aliyeondoka ni Jonas Valančiūnas, kipenzi cha uwanja aliyekuwa pale tangu 2012, pamoja na Delon Wright, C.J. Miles na chaguo la raundi ya pili. Hakuna chaguo la raundi ya kwanza lililotoka. Meneja aliyefanya dili ile ni Masai Ujiri, Mnigeria ambaye mama yake ni Mkenya, na siku ile wengi walimwona amebadilisha senta mzima na mzee.

Mei wakakutana raundi ya pili. Msimu wa kawaida Embiid alikuwa amefunga wastani wa pointi 27.5, katika mechi saba dhidi ya Gasol alishuka chini ya 18. Tuwe wakweli, kuna siku Embiid alikuwa mgonjwa. Lakini hata siku alizokuwa mzima alikutana na mtu mrefu, mzito, asiyeruka kwa kila chenga, anayejua mguu gani Embiid atauzungushia kabla hajazunguka. Valančiūnas asingeweza kazi hiyo, na Ujiri alijua asingeweza. Mechi ya saba ikaamuliwa na ule mtupo wa Kawhi Leonard uliogonga ringi mara nne kabla ya kuzama, 92 kwa 90. Toronto wakaendelea hadi kuwafunga Milwaukee na Golden State, wakabeba kombe lao la kwanza.

Gasol hakufikisha wastani wa pointi 10 kwenye mtoano ule. Harris alimzidi pointi. Ukitazama jedwali la takwimu tu utasema Philadelphia walipata mtu bora zaidi, na pengine ni kweli. Tatizo ni kwamba Philadelphia haikuwa na upungufu wa wafungaji. Harris alikuja kuugawana mpira na watu wanne ambao tayari walikuwa wakigombania. Toronto ilikuwa na tatizo moja lenye jina na nambari ya jezi, ikanunua jibu lake. Kiangazi kilichofuata Butler akaenda Miami, na Harris akalipwa dola milioni 180 kwa miaka mitano, mkataba ulioibana Philadelphia kwa muda mrefu.

Philadelphia hiyo hiyo iliwahi kulijua somo hili. Februari 2001 senta wao Theo Ratliff alikuwa ameumia mkono. Wakamtoa yeye, Toni Kukoč na wengine wawili kwenda Atlanta, wakamleta Dikembe Mutombo, Mkongo wa Kinshasa mwenye kile kidole cha "hapana" alichokitikisa kila akizuia mtupo. Allen Iverson alikuwa anafunga vya kutosha. Kilichokosekana ni mtu wa kulinda ringi na kuokota mipira iliyokosa. Mutombo akawa mlinzi bora wa mwaka, timu ikafika fainali, ikawafunga Lakers mechi ya kwanza kabla ya kuzidiwa nne zilizofuata. Kwa Shaquille O'Neal wa Lakers, mwaka ule hapakuwa na jibu, hata Mutombo.

Dallas na Oklahoma City, 2024

Jozi ya pili ni ya Magharibi, na hapa pande zote mbili zilitafuta mafundi. Tofauti ni kwamba mmoja alimtafuta fundi wa ufa aliokuwa nao, mwingine akachukua fundi mwenye jina.

Oklahoma City walikuwa vijana, wepesi, wakimaliza msimu wakiongoza Magharibi kwa ushindi 57. Kila mtu aliyekuwa anakesha kuwatazama aliona kasoro yao: wepesi wa mwili chini ya ringi. Chet Holmgren anaruka na kuzuia, lakini mwenye kilo nyingi akimsukuma, anasukumika. Februari 8 wakamchukua Gordon Hayward kutoka Charlotte, fowadi wa miaka 33 ambaye hakuwa amecheza tangu Desemba kwa jeraha la mguu. Wakatoa Tre Mann, Vasilije Micić, Dāvis Bertāns na machaguo ya raundi ya pili. Siku hizo hizo wakamsajili pia Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, aliyekuwa ameachwa na Memphis. Huyo angalau alikuwa wa umbo lililotakiwa, ila alikuja kama akiba ya mwisho.

Dallas siku hiyo hiyo walifanya dili mbili. Kutoka Charlotte wakamleta P.J. Washington, fowadi anayelinda nafasi tatu na kutupa pointi tatu za kona, kwa Grant Williams, Seth Curry na chaguo la raundi ya kwanza la 2027. Kutoka timu ya Washington wakamleta Daniel Gafford, senta ambaye kazi yake ni kukimbia, kuruka na kudanki, kwa Richaun Holmes na chaguo la raundi ya kwanza. Chaguo hilo Dallas hawakuwa nalo. Walilipata kwa Oklahoma City wenyewe, kwa kuwaahidi haki ya kubadilishana machaguo ya 2028. Yaani Oklahoma City waliwauzia Dallas panga.

Wazo la Dallas lilikuwa rahisi hata kulieleza. Luka Dončić na Kyrie Irving wana mpira muda wote. Wape senta wawili wanaopokezana kupokea mpira juu ya ringi, Gafford na chipukizi Dereck Lively, na fowadi atakayemkaba mrefu wa upande wa pili. Basi. Gafford alianza kupokea pasi ambazo kule timu ya Washington hakuna aliyempa, na Machi akafunga mitupo 33 mfululizo bila kukosa hata mmoja, miwili pungufu ya rekodi ya Wilt Chamberlain.

Raundi ya pili zikakutana. Oklahoma City walimwachia P.J. Washington nafasi kwa makusudi, wakiamini hatafunga; akawafunga 29 mechi ya pili na 27 ya tatu. Mechi ya sita, zikiwa zimebaki sekunde mbili na nusu, Shai Gilgeous-Alexander akamchezea rafu Washington huyo huyo akiwa anatupa pointi tatu. Akaingiza mitupo huru miwili, wa tatu akaukosa kwa makusudi ili muda uishe. Dallas 117, Oklahoma City 116, na safari imekwisha. Hayward katika mtoano mzima hakufunga hata pointi moja. Meneja Sam Presti alijitokeza hadharani akakiri dili ile ilimshinda, jambo ambalo mameneja wa NBA hawalifanyi kila siku, na Hayward akastaafu Agosti.

Hapa nina kisa cha pembeni ambacho hunifurahisha kila dirisha. Februari 2015 Miami walimtaka Goran Dragić, wakawapa Phoenix machaguo mawili, moja likiwa la mbali kabisa, la 2021, bila kinga yoyote, yaani likiangukia nafasi yoyote halirudi Miami. Usiku wa dirafti ya 2018 Phoenix wakalitumia chaguo hilo kumpata Mikal Bridges kutoka Philadelphia. Philadelphia wakalitoa Februari 2019 kwenye dili ya Tobias Harris. Clippers wakalitoa Julai mwaka huo kwa Oklahoma City walipomtaka Paul George. Oklahoma City wakalitumia mwaka 2021, nafasi ya 18, wakamchagua Tre Mann. Na Tre Mann ndiye waliyemtoa kwa Gordon Hayward. Karatasi moja, timu tano, miaka tisa, na mwisho wake ni sifuri kwenye jedwali la pointi. Aliyefaidi zaidi ni Phoenix, aliyelikamata likiwa bado mbali halina thamani machoni pa watu. Ndiyo maana mtu akisema "si chaguo tu la mwaka 2031, nani anajali", mimi najali.

Nyota wa kweli

Wapo watakaoniambia nyota huleta kombe, na wana hoja. Houston walimleta Clyde Drexler Februari 1995 kwa Otis Thorpe, wakatetea ubingwa wakiwa wameanzia nafasi ya sita. Detroit walimchukua Rasheed Wallace Februari 2004, baada ya kucheza mechi moja tu Atlanta, wakawachapa Lakers fainali nne kwa moja. Lakers walimpata Pau Gasol Februari 2008 kwa bei iliyofanya mameneja wengine wapige kelele, wakaingia fainali tatu mfululizo na kushinda mbili. Memphis walichekwa, ingawa ndani ya mzigo ule walipewa haki za mdogo wake Pau, mvulana mnene aliyekuwa akicheza Hispania. Ni yule Marc niliyemtaja juu.

Ukizitazama dili hizo tatu utaona kitu. Hakuna iliyobomoa timu. Drexler alikuwa rafiki wa Hakeem Olajuwon tangu chuo, na Houston ilitoa mchezaji mmoja wa kikosi cha kwanza. Detroit ilibaki na wanne wake wote wa kuanza. Lakers walibaki na Kobe, Odom na Fisher. Nyota alikuja kujaza nafasi iliyokuwa wazi, kwa bei ya mafundi. Kwa maana hiyo Rasheed Wallace alikuwa fundi aliyevaa jina la nyota.

Sasa weka pembeni yake Phoenix wa Februari 2023. Kevin Durant, kwa Mikal Bridges, Cameron Johnson, Jae Crowder, machaguo manne ya raundi ya kwanza yasiyo na kinga na haki ya kubadilishana moja zaidi. Durant alikuwa bado Durant. Lawama si zake. Lakini walinzi wa pembeni wakaondoka wote siku moja, na kwa miaka miwili iliyofuata Phoenix ilikuwa inaokota watu wa mshahara wa chini kuziba pembe ilizojifungulia yenyewe. Denver wakawatoa raundi ya pili 2023. Minnesota wakawafagia nne kwa bila 2024. Mwaka 2025 hawakuingia mtoano kabisa, wakamaliza na ushindi 36, na Durant akapelekwa Houston.

Dallas nao wana ukurasa wao hapa, na ndio unaonishawishi zaidi. Februari 2023 walimnunua Kyrie Irving kwa Spencer Dinwiddie, Dorian Finney-Smith, chaguo la 2029 na mengine ya raundi ya pili. Finney-Smith ndiye aliyekuwa akiwakaba wafungaji wakubwa. Timu ikaporomoka, ikamaliza 38 kwa 44, na ligi ikaitoza faini ya dola 750,000 kwa kupumzisha wachezaji mwishoni mwa msimu ilipokuwa bado ina nafasi. Ilichukua mwaka mzima na dirisha jingine, la Washington na Gafford, kuziba shimo lililochimbwa siku ya kumleta nyota. Baada ya hapo ndipo wakafika fainali ya 2024, walikofungwa na Boston.

Na Februari 2025, siku nne kabla ya dirisha kufungwa, Dallas hao hao wakamtoa Luka Dončić. Habari ilitoka Marekani usiku wa manane, huku kwetu ni Jumapili, saa mbili na ushei asubuhi, na watu walidhani akaunti ya Shams Charania, mwandishi wa habari za NBA aliyeitoa, imedukuliwa. Luka wa miaka 25, aliyeifikisha timu fainali miezi minane nyuma, kwa Anthony Davis wa miaka 31, Max Christie na chaguo moja la raundi ya kwanza. Nico Harrison, meneja mkuu wa Dallas, alisema ulinzi hushinda ubingwa. Davis akaumia mechi yake ya kwanza, Kyrie akakatika goti mwezi uliofuata, na Harrison alifutwa kazi Novemba. Bahati ikawarudishia chipukizi Cooper Flagg kupitia bahati nasibu ya dirafti, kwa uwezekano wa asilimia 1.8, lakini hakuna meneja anayepanga hivyo. Chukua madirisha matatu ya timu hii moja: nyota 2023, mafundi 2024, nyota kwa nyota 2025. La katikati ndilo lililowafikisha fainali.

Kukaa kimya

Njia hii haina mashabiki. Saa tano inagonga, timu haijafanya kitu, na watu wanatukana. Ila itazame orodha ya mabingwa. Golden State ya 2022 haikufanya dili dirishani. Denver ya 2023 ilimtoa Bones Hyland na kumleta Thomas Bryant, ambaye hakuwa na kazi kwenye mtoano. Boston ya 2024 ilimwongeza Xavier Tillman kwa machaguo ya raundi ya pili. Jrue Holiday na Kristaps Porziņģis walikuwa wameletwa kabla msimu haujaanza. Oklahoma City ya 2025, baada ya kuungua na Hayward, ilisubiri kiangazi cha 2024 ikawaleta Alex Caruso na Isaiah Hartenstein, mzito aliyekuwa anakosekana, na Februari ikanyamaza. Ikachukua kombe. Kwa miaka hii, mara ya mwisho dili ya dirishani kuonekana wazi ndani ya ubingwa ni Milwaukee ya 2021 na P.J. Tucker, aliyeletwa Machi kwa sababu msimu ule ulichelewa kuanza. Tucker hakufikisha pointi tano kwa mechi. Kazi yake ilikuwa moja, kumsumbua Durant kwa mechi saba. Fundi tena.

Kimya hufaa kwa timu iliyokwisha kukamilika kiangazi. Kwa timu yenye ufa unaoonekana ni uzembe tu uliovaa kanzu.

Kuuza

Hii nitaipitia haraka kwa sababu shabiki mwenye moyo haiombei, japo wapo wanaopaswa. Toronto, ile ile ya Ujiri, Februari 2023 ilikuwa katikati ya msimamo. Fred VanVleet alikuwa na haki ya kuuacha mkataba wake kiangazi. Wengi walitarajia auzwe. Badala yake Toronto ikanunua: Jakob Pöltl kutoka San Antonio, kwa chaguo la raundi ya kwanza. Msimu ukaisha 41 kwa 41, Chicago wakawatoa kwenye mechi moja ya kuwania kuingia mtoano, VanVleet akaenda zake Houston na Toronto haikupata hata senti, na lile chaguo likaja kuwa la nane kwenye dirafti ya 2024. Aliyemnunua Gasol kwa jicho kali hivyo alikwama pale aliposhindwa kukubali kwamba timu yake haikuwa na ufa mmoja; ukuta mzima ulikuwa umeinama.

Brooklyn dirisha hilo hilo waliuza kila kitu, Kyrie na Durant. Uchungu wake mkubwa, lakini Bridges waliyempata kwa Durant walimuuza tena kiangazi cha 2024 kwa New York, wakavuna machaguo matano ya raundi ya kwanza.

Kwa hiyo uombe nini?

Anza na mtoano uliopita. Kama unaweza kuutaja mchezo uliowaua kwa sentensi moja, "senta wao alitumaliza" au "hatukuwa na wa kumkaba yule fowadi", ombea fundi, na ukubali kwamba jina lake halitauza jezi. Usitazame pointi zake za sasa. Tazama anafanya nini asipokuwa na mpira, na kama wenye mpira kwenu wanajua kumtumia. Gafford kwenye timu isiyo na Luka alikuwa Gafford wa kawaida.

Nyota muombee kwa masharti matatu, na mimi sishuki chini ya hapo. Wale wawili mnaowaamini dakika tano za mwisho wabaki wote. Mlinzi wenu bora wa pembeni asiwe sehemu ya bei. Na mkataba wa nyota uwe na angalau msimu mmoja mbele, maana dirisha likifungwa Februari na yeye akaondoka Julai, mmelipa miaka saba kwa miezi mitano. Sharti la pili ndilo linalovunjwa mara nyingi, kwa sababu timu inayouza haiombi mzigo mbovu.

Timu yenu iko ya tisa au ya kumi, na wawili mikataba inaisha? Uzeni. Huu ndio ushauri usiosikilizwa kuliko wote, na naelewa. Hakuna anayekesha hadi saa tisa na nusu usiku kutazama mechi ili aambiwe asubiri dirafti.

Na kama dirisha litafungwa fundi hajapatikana, bado kuna mlango wa pili. Mchezaji anayeachwa na timu yake hadi Machi 1 anaruhusiwa kucheza mtoano na timu nyingine. Markieff Morris aliupita mwaka 2020: Detroit wakamwachia, Lakers wakamchukua, na Oktoba akabeba ubingwa. Ila siku hizi timu iliyovuka mstari wa kwanza wa matumizi hairuhusiwi kumsajili aliyeachwa kama alikuwa na mshahara mkubwa, kwa hiyo kabla hujaanza kumpigia mtu debe, angalia kwanza timu yako iko upande gani wa mstari huo.